Tuyasome Manyoya ya Kuku Wachanga Kabla ya Kutoa Hukumu

(Hotuba ya Ofisi ya Miradi ya Dayosisi kwa semina ya kamati za maendeleo za sharika)



 Mada tuliyopangiwa leo ni manyoya ya kuku wachanga. Huenda mtu akajiuliza kwa nini Dayosisi iwaite watu kutoka milimani na kutoka tambarare, wengine wakiwa wamelala njiani, waje kuzungumzia manyoya. Jibu ni kwamba katika maswali yanayofika ofisini kwetu kuhusu mradi wa kopa kuku lipa kuku, yanayohusu manyoya hayaishi. Kamati moja inauliza iwapo inaruhusiwa kupokea vifaranga wenye shingo tupu. Nyingine inasema imepelekewa kuku ambao manyoya yao yamegeuka kwenda mbele, na wajumbe wanaogopa kuwashika. Mfadhili naye ameona picha ya kuku wetu katika taarifa, anauliza kwa upole kama kweli wanalishwa.

Maswali haya yana uzito. Katika mradi huu kuku ndiye noti yetu. Mama aliyekopeshwa mitetea analipa kwa vifaranga, na vifaranga hao ndio mtaji wa kaya inayosubiri. Kamati ikimkataa kuku mzima kwa sababu ya sura yake, mama yule anabaki na deni ambalo ameshalilipa. Kamati ikimpokea kuku mgonjwa kwa kudhani kuwa ndiyo mbegu yake, inapeleka ugonjwa katika nyumba ya mtu mwingine. Hatari zote mbili zimekwisha kutokea katika sharika zetu. Kwa hiyo leo tunaomba tujifunze pamoja kutofautisha mambo matatu: ukuaji wa kawaida, tofauti za kuzaliwa, na dalili za matunzo mabaya au ugonjwa.

1. MANYOYA YANAVYOOTA KWA KAWAIDA

Kifaranga anatoka katika yai akiwa amevaa manyoya laini tunayoyaita malaika. Malaika hayo hutunza joto kidogo tu. Ndiyo maana kifaranga wa wiki ya kwanza anahitaji mahali penye joto la nyuzi 32 hadi 35 za Sentigredi, ama chini ya mbawa za mama yake, ama katika kitalu chenye taa au jiko. Kila wiki tunaweza kupunguza joto hilo kwa takriban nyuzi tatu, kadiri manyoya halisi yanavyochukua nafasi ya malaika.

Manyoya halisi huanzia kwenye mbawa. Katika siku za kwanza tu utaona vijiti vidogo ukingoni mwa bawa. Baadaye hufuata mkia, mabega, kifua na mgongo, na kichwa na shingo huwa za mwisho. Kuku anayelishwa vizuri huwa amefunikwa karibu mwili mzima akifikia wiki ya nne hadi ya sita. Hawa wetu wa asili, wanaojitafutia wenyewe, mara nyingi huchukua muda mrefu zaidi.

Katika kipindi hicho kuku hapendezi. Malaika yamebaki hapa, manyoya yameota pale, na kati yake kuna ngozi wazi. Aidha, manyoya mapya hutoka yakiwa yamefungwa ndani ya ala ngumu, hivyo kuku huonekana kama ameota miiba. Tumewahi kuulizwa kama hiyo ni ndui. Siyo. Ndui ya kuku hutoka kama vipele na magamba sehemu zisizo na manyoya, yaani kwenye upanga, kope na kando ya mdomo. Vile vijiti ni manyoya machanga, na ndani yake mna damu inayoyalisha. Tusivikwangue wala kuving'oa, maana vikikatika vinatoka damu, na damu huwaita kuku wengine kudonoa.

Jambo jingine ni tofauti ya jike na dume. Majogoo wachanga wa mbegu nyingi huchelewa kuota manyoya kuliko dada zao. Unaweza kukuta katika kundi moja, wa mama mmoja na chakula kimoja, mitetea imeshafunikwa mgongo huku majogoo wakitembea na migongo wazi wakiwa na wiki nne au tano. Si wagonjwa, wala mitetea haiwanyang'anyi chakula. Ni urithi, na wiki chache baadaye mgongo hufunikwa. Vituo vya kuangulia vifaranga huitumia tofauti ya namna hii kibiashara: katika baadhi ya mbegu, mtaalamu hutambua jike na dume siku ya kwanza kwa kutazama urefu wa manyoya ya bawa.

Mwisho, vazi hili la kwanza si la kudumu. Kabla ya kukomaa kuku hubadilisha manyoya zaidi ya mara moja, na rangi nayo inaweza kubadilika. Kifaranga mweusi mwenye ncha nyeupe za mbawa anaweza kuwa kuku mweusi mtupu akikua. Tunalisema hili kwa sababu zipo kamati zinazoandika rangi ya kifaranga katika daftari kama alama yake ya kumtambua. Miezi mitatu baadaye rangi haipo, na mlezi anatuhumiwa kuwa amebadilisha kuku wa mradi kwa wa kwake. Tafadhali, rangi ya kifaranga isitumike kama ushahidi. Tumieni kipande cha kitambaa au pete ya mguuni, na mkumbuke kuilegeza kadiri mguu unavyonenepa.

2. TOFAUTI ZA KUZALIWA

Sasa tuje kwenye zile sura ambazo kuku huzaliwa nazo.

(a) Kishingo. Kuku huyu hana manyoya shingoni. Wengi wetu tunamfahamu, hasa tambarare. Kinachomfanya awe hivyo kipo katika vinasaba, na mwaka 2011 watafiti wa Taasisi ya Roslin huko Edinburgh walieleza jinsi badiliko moja la urithi linavyozuia manyoya kuota shingoni tangu kifaranga akiwa ndani ya yai. Upungufu wenyewe hauishii shingoni tu. Mwili mzima wa kishingo huwa na manyoya pungufu kwa takriban asilimia 20 hadi 40 kuliko kuku wa kawaida.

Upungufu huo ni faida katika nchi ya joto. Kuku hatoi jasho. Hupoza mwili kwa kuhema, kwa kupanua mbawa na kwa kupitisha joto kwenye ngozi iliyo wazi. Katika joto la juu ya nyuzi 30 kuku mwenye manyoya mengi hupunguza kula, na kwa hiyo hupunguza kukua na kutaga. Kishingo huendelea kula. Kwa sharika za tambarare, kumkataa kishingo ni kumkataa kuku aliyeumbwa kwa ajili ya mahali hapo. Kwa sharika za milimani, ambako usiku wa Juni na Julai ni baridi kali, hali ni kinyume: kifaranga wa kishingo anahitaji joto la ziada na banda lisilopitisha upepo, na si busara kumpa mtu anayeanza.

Namna ya kumtambua ni rahisi, na tunaomba kila mjumbe aikumbuke. Kishingo huzaliwa na shingo tupu. Siku anayotoka katika yai shingo iko wazi tayari. Kuku aliyezaliwa na malaika shingoni, kisha shingo ikawa tupu baadaye, ama ameng'olewa ama ana wadudu. Swali la kumuuliza mlezi ni moja tu: "Mama, alipoanguliwa shingo yake ilikuwaje?"

Urithi wake nao unaeleweka. Kila kifaranga hupokea fungu moja la urithi kutoka kwa baba na jingine kutoka kwa mama. Kwa kishingo, fungu moja linatosha kuonekana. Mwenye fungu moja mara nyingi huwa na kishada cha manyoya mbele ya shingo, karibu na kifua. Mwenye mafungu mawili huwa hana kishada hicho, au ana vinyoya vichache tu. Jogoo mwenye kishada akipanda mtetea wa kawaida, takriban nusu ya vifaranga watakuwa vishingo. Jogoo asiye na kishada akipanda mtetea huyohuyo, vifaranga wote watakuwa vishingo. Na wazazi wawili wenye shingo zilizofunikwa hawawezi kuzaa kishingo.

Hapo ndipo palipoanzia mgogoro katika usharika wetu mmoja wa tambarare. Mama mjane, mkopaji wa awamu ya kwanza, alileta vifaranga wa kulipa deni lake, na kadhaa kati yao walikuwa vishingo. Mitetea aliyopewa na mradi yote ilikuwa na shingo zilizofunikwa, na jogoo wa mradi vilevile. Baadhi ya wajumbe walisema ameuza kuku wa mradi akaleta wa sokoni. Wengine walisema ni ugonjwa. Vifaranga walirudishwa, na jina la mama likaandikwa katika orodha ya wadaiwa iliyosomwa mbele ya watu.

Afisa mifugo wa kata alipofika aliomba kuzunguka mtaa kabla ya kusema lolote. Nyumba ya tatu kutoka kwa mama yule palikuwa na jogoo mkubwa wa kishingo, na hapakuwa na uzio wowote. Mitetea ilikuwa ya mradi. Baba wa vifaranga alikuwa wa jirani. Kamati ilikutana upya, ikawapokea vifaranga wote na ikalifuta jina la mama katika orodha. Tunawapongeza wajumbe hao, kwa sababu hawakulifuta kimyakimya: walisimama na kutangaza palepale lilipokuwa limesomwa. Hata hivyo, mama yule alikuwa amekaa wiki nyingi bila kuja kwenye kikundi, na hizo hakuna daftari linaloweza kumrudishia.

(b) Kidimu. Huyu ni kuku ambaye manyoya yake hujikunja kwenda nje na mbele badala ya kulala mwilini. Sehemu nyingine humwita nungunungu. Tofauti na kishingo, kidimu hatambuliki siku ya kwanza, kwa sababu malaika yake ni ya kawaida. Ni manyoya halisi yanapoota katika wiki zinazofuata ndipo yanapoanza kujipinda. Kwa hiyo mtu anaweza kupokea kifaranga mzuri, laini, na baada ya muda akaona kuku "amebadilika". Hajarogwa. Mwaka 2012 watafiti walionyesha kwamba chanzo ni badiliko katika kinasaba kinachohusika na kutengeneza unyoya: mti wa katikati ya unyoya huota ukiwa umepinda.

Tunajua pia kwamba kidimu ana sifa nyingine mitaani. Waganga humtafuta, na kwa sababu hiyo waumini wengine huona aibu au hofu kumfuga, wasije wakadhaniwa vibaya. Tuseme wazi kwamba kuku hana hatia kwa yale ambayo wanadamu wanamtumia. Kidimu anataga, anaatamia na analiwa kama kuku mwingine yeyote. Mama asikataliwe marejesho yake, na asisengenywe, kwa sababu ya unyoya uliopinda.

Lipo jambo moja la kitaalamu la kuzingatia. Tusimpandishe kidimu kwa kidimu. Wazazi wote wawili wakiwa vidimu wa kawaida, takriban kifaranga mmoja kati ya wanne hupokea urithi huo pande zote mbili, na huyo manyoya yake huwa membamba mno, hukatika na kumwacha karibu uchi. Kuku wa namna hiyo hupata baridi, huungua jua na hula sana bila kunenepa. Kidimu apandishwe na kuku wa manyoya yaliyonyooka. Hapo nusu ya vifaranga watakuwa vidimu, nusu wa kawaida, na hakuna atakayebaki uchi.

(c) Wengineo. Kuku wa kishungi, wale wenye manyoya mengi kichwani, ni wazima, ila kishungi kikifunika macho hawamwoni mwewe. Punguzeni manyoya hayo kwa mkasi mbele ya macho. Kuku wenye manyoya miguuni ni wazima vilevile, ila banda lenye matope huwaumiza. Kuku asiye na mkia apapaswe kitakoni: kama ncha ya mfupa wa mkia haipo, amezaliwa hivyo, kama ipo, manyoya yameng'olewa na yataota tena.

3. TOFAUTI ZINAZOTOKANA NA MATUNZO

Sehemu hii ndiyo inayodai umakini mkubwa zaidi, kwa sababu hapa ndipo vifaranga wanapokufa.

Lishe. Karibu sehemu tisa kati ya kumi za unyoya mkavu ni protini. Kifaranga anayeota manyoya anajenga mwili na kushona nguo kwa wakati mmoja, na vyote vinatoka katika bakuli moja. Chakula cha kuanzia kinapaswa kuwa na protini ya asilimia 18 hadi 20. Mahindi yana asilimia nane hadi tisa tu. Kifaranga anayelishwa chenga na pumba peke yake anashiba lakini hana cha kushonea. Manyoya yake huchelewa, hutoka yakiwa hayana mng'ao, yamechanika kingo na hukatika haraka.

Unyoya pia hutunza kumbukumbu. Uvuteni mmoja wa bawa na kuunyoosha mbele ya mwanga. Mkiona mstari mwembamba uliokatiza unyoya kwa upana, mahali palipo hafifu kuliko pengine, hapo ndipo unyoya ulipokuwa unaota wakati kuku alipopata shida: njaa, homa au baridi. Kama kuku wengi wa banda moja wana mstari huo mahali palepale, shida hiyo iliwapata wote kwa pamoja. Mjumbe anayetembelea kaya anaweza kujua hayo bila kipimo chochote, na anaweza kumsaidia mlezi kukumbuka: "Wiki zile palitokea nini hapa nyumbani?"

Protini si lazima itoke dukani. Dagaa waliosagwa na mashudu ya alizeti ni bora pale fedha ipo. Pasipo na fedha, chungu kilichojazwa samadi kavu na mabua yaliyoloweshwa, kikafunikwa jioni juu ya tundu la mchwa, asubuhi hutoa mchwa wa kutosha kundi dogo la vifaranga. Wazee wetu walifanya hivyo zamani. Mchicha na majani ya lusina husaidia kwa kiasi. Lakini mahindi yaliyoota ukungu wasipewe. Tuna desturi ya kusema chakula kisichofaa kwa watu ni cha kuku. Sumukuvu iliyomo huharibu ini la kifaranga na kumdumaza, na manyoya yake hubaki duni.

Wadudu. Chawa wa kuku huishi maisha yao yote juu ya kuku, wakila ngozi na manyoya. Funueni manyoya karibu na njia ya haja: mayai yao hushikamana kwa mafungu kwenye mashina ya manyoya, kama chenga nyeupe za mchele. Utitiri mwekundu una tabia nyingine. Mchana hujificha katika nyufa za banda na vichanja, usiku hutoka kunyonya damu. Kuku akikaguliwa mchana huonekana hana kitu, ilhali asubuhi upanga wake umepauka na hataki kurudi bandani jioni. Kwa hiyo tukague kuku mchana, na banda usiku kwa tochi.

Tiba ya chawa ni dawa ya unga iliyoelekezwa na mtaalamu wa mifugo, irudiwe baada ya siku 10 hadi 14 kwa sababu dawa haiui mayai. Utitiri hautatoka kwa kumpaka kuku peke yake. Vichanja vitolewe, nyufa zizibwe, banda lipigwe dawa, maana utitiri unaweza kukaa miezi mingi bila kula ukisubiri kuku warudi. Aidha, kila kundi liwekewe shimo la mchanga mkavu uliochanganywa na majivu ili kuku wajiogeshe. Tunaomba mafuta ya taa na mafuta machafu ya gari yasitumike kwa vifaranga, kwani huunguza ngozi.

Kudonoana. Kuku waliobanwa, wenye njaa ya protini au waliokaa kwenye mwanga mkali hudonoana manyoya, hasa mgongoni na mkiani. Hapa unyoya wenyewe husema: mashina yamekatika, na kwenye ngozi pana vidonda. Mtenge aliyejeruhiwa mara moja, kisha shughulikia sababu. Ning'inizeni fungu la majani mabichi wapate kazi ya kudonoa.

Kikundi kimoja cha milimani kilipata somo hili kwa gharama kubwa. Vifaranga wao walifikia wiki ya saba wakiwa na migongo wazi, majike kwa madume, na mbawa zilizochanikachanika. Kwa kuwa walikuwa wamesikia habari za kishingo, walisema, "Hii ndiyo mbegu yao, wataota." Ulikuwa mwisho wa kiangazi, wadudu wa kuokota walikuwa haba, na vifaranga walikuwa wakila pumba tupu. Wakasubiri. Usiku mmoja wa mvua na baridi wengi wao walirundikana pembeni mwa banda, na asubuhi waliokuwa chini walikutwa wamekufa. Waliobaki walipofunuliwa manyoya, chawa walikuwa wamejaa. Kwa dagaa, unga wa dawa na banda lililozibwa upepo, hao waliobaki waliota manyoya na sasa wanataga. Lakini kaya mbili zilizokuwa zinasubiri zamu zilisubiri msimu mwingine mzima.

4. MANYOYA YALIYOVIMBA: DALILI YA UGONJWA

Kuku mgonjwa huvimbisha manyoya ili kutunza joto. Hii ni tofauti na kidimu. Kidimu anatembea, anakula na anakimbia akifukuzwa. Kuku mgonjwa amejikunyata, macho nusu yamefumba, mbawa zimeshuka.

Akiwa wa wiki tatu hadi sita na kinyesi chake kina damu, shukuni ugonjwa wa kuhara damu. Tafuteni dawa mapema na mkaushe matandazo, maana vimelea wake hustawi penye unyevu. Wakivimbisha manyoya wengi kwa ghafla, wakaharisha kijani, wakahema kwa shida au kupinda shingo, shukuni mdondo, ambao wengine huuita kideri. Mdondo hauna tiba na unaweza kumaliza karibu kundi zima. Kinga yake ni chanjo. Ile ya I-2 inayostahimili joto hutolewa tone moja jichoni, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu hadi minne, kwa kuku wazima tu. Banda lenye kuku wa namna hiyo lisitoe wala kupokea kuku wa mradi mpaka afisa mifugo atoe kauli.

5. MASWALI MATANO YA KAMATI

Kabla ya kumpokea au kumkataa kuku kwa sababu ya manyoya, tunaziomba kamati ziulize haya na kuandika majibu katika daftari:

Kwanza, hali hii ilianza lini? Siku ya kuanguliwa, manyoya yalipoota, au baada ya hapo?

Pili, ni wangapi? Mmoja au wachache wa mama mmoja huelekeza kwenye urithi. Banda zima huelekeza kwenye chakula, wadudu au ugonjwa.

Tatu, ngozi na mashina yakoje? Ngozi safi isiyo na mashina ni ya kuzaliwa. Mashina yaliyokatika, vidonda au mayai ya chawa ni kazi ya kudonoana au wadudu.

Nne, kuku anakula na kutembea? Kuku mchangamfu mwenye sura ngeni ni kuku mzima.

Tano, jogoo ni yupi? Hata kama ni wa jirani, atajwe bila aibu.

Majibu yakielekeza kwenye urithi, kuku apokelewe siku hiyohiyo na jina la mlipaji lifutwe katika wadaiwa. Yakielekeza kwenye matunzo, kuku asipokelewe kwanza, lakini mlezi asiandikwe mdaiwa. Apewe msaada na tarehe ya kurudi. Yakielekeza kwenye ugonjwa, kuku abaki alipo na mtaalamu aitwe. Na kwa vyovyote vile, jina la mtu lisisomwe mbele ya wengine kabla maswali matano hayajajibiwa.

6. NENO KWA WAFADHILI WETU

Kwa wageni wetu tunapenda kusema mawili. La kwanza, mtakapoona tena katika picha kuku mwenye shingo nyekundu isiyo na unyoya, msihuzunike. Tazameni macho yake na kifua chake. Mara nyingi huyo ndiye anayetaga vizuri kuliko wenzake katika joto lile. Aidha, tunawaomba msisukume miradi kuwa na kuku wa sura moja. Kuku chotara kama Kuroiler na Sasso wana nafasi yao pale chakula kinapopatikana, lakini mchanganyiko wa kuku wa asili ni akiba ya vinasaba ambayo ikipotea hainunuliki.

La pili, manyoya hayaendi kwa kalenda ya taarifa za robo mwaka. Unyoya uliong'olewa huanza kuota baada ya muda mfupi na huchukua wiki kadhaa kukamilika. Unyoya uliokatika hubaki kisiki mpaka kuku atakapouvua wenyewe. Kwa hiyo kaya iliyorekebisha chakula mwezi huu inaweza bado kuonyesha kuku wenye manyoya mabaya mwezi ujao. Mkitembelea, angalieni manyoya mapya yanayochomoza chini. Yakiwa yamenyooka, yanang'aa na hayana mistari, kazi imefanyika.

Ndugu wajumbe, kila kamati itapewa nakala ya maswali matano ya kubandika ndani ya jalada la daftari la mradi. Tunawaomba pia mrudi na orodha zenu za wadaiwa, mzipitie mstari kwa mstari, na pale mtakapokuta mtu aliyeandikwa kwa sababu ya shingo tupu au manyoya yaliyopinda, mwende nyumbani kwake mkazungumze naye ana kwa ana. Ofisi yetu itapokea taarifa za kazi hiyo katika kikao kijacho cha majimbo.